Mwenye Nyumba wa Gideon

Ezra alinipigia simu nikiwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nimemshika mkono mzee mmoja nikimpeleka kwenye meza ya chakula. Akaniambia, kwa sauti yake ileile ya mzee wa kanisa, kwamba kamati ya msiba imekaa na kukubaliana mimi ndiye niandike na kuusoma wasifu wa Papaa Bosco. "Ukurasa mmoja tu, Namsifu," akasema. "Mfupi na wa heshima." Nikasema sawa, nikakata simu, nikamkalisha mzee wangu, nikamfunga kitambaa shingoni, ndipo machozi yakaanza. Yule mzee, Mmarekani mpole ambaye siku nyingi hanikumbuki hata jina, akauliza nani amenikorofisha. Nikamwambia mwenye nyumba wangu wa zamani amefariki. Akasema pole sana, halafu akauliza kama nitalazimika kuhama. Nikacheka huku nalia, kwa sababu Bosco mwenyewe angelipenda sana swali hilo, na angeniambia nilitie kwenye mojawapo ya filamu zetu.

Nilipofika nyumbani, Muthoni, mke wangu, alikuwa ameshaweka chai mezani na karatasi nyeupe kando yake. Alikaa akinitazama nikifuta mstari wa kwanza, nikiuandika, nikiufuta tena. Wasifu wa marehemu una utaratibu wake hapa kwetu, na wote tumeuzoea, Watanzania, Wakenya na Wakongo: kuzaliwa, kubatizwa, kusoma, kuja Marekani, kazi, ugonjwa, halafu majina ya aliowaacha. Unasomwa ukumbini watu wameshika programu zenye picha ya marehemu, na kinachosomwa pale ndicho kinachobaki. Ukirukwa pale, umerukwa moja kwa moja. Najua, maana nilikuwepo siku Bosco aliporukwa, na mwaka uliofuata ndio ulionifanya niwe mtu niliye leo. Nilizaliwa wapi, nani alinisomesha, nilifikaje Maryland, hayo si ya simulizi hii.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimepanga chumba kwenye besmenti, chini ya nyumba ya Bosco, Hyattsville. Bosco alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mnene, mwenye vidole vyembamba visivyolingana kabisa na mwili wake. Sebule yake ilijaa sare za kwaya na magauni ya maharusi yaliyoning'inia kila upande, hata ukitaka kufika jikoni ilikubidi uombe njia kama umo katikati ya umati. Huko juu aliishi yeye na Gideon. Gideon alikuwa Mkenya wa Kakamega, dereva wa basi, mrefu, mwenye mwanya, mtu wa kuimba akioga. Walikuwa wamekaa pamoja tangu mimi nikiwa mtoto wa shule, na chumba cha kulala huko juu kilikuwa kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa mpangaji katika nyumba ile. Kila mwezi nilipanda ngazi na kodi yangu, na sikuwahi kumwona Gideon akimpa mtu kodi. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi sikuuliza. Niliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa la Gideon na Ezra, binamu yake, na nilikuwa na sababu zangu za kutowauliza watu maswali ya namna hiyo.

Gideon alikufa ghafla kwa moyo, majani yalipokuwa yanaanza kuchipua. Kabla mwili haujasafirishwa ilifanyika ibada ya kumbukumbu, na ukumbi wa kanisa ukajaa hadi watu wakasimama kwenye veranda. Bosco alikaa safu ya nyuma, karibu nami, amevaa suti nyeusi aliyoishona mwenyewe juzi yake. Suti ya Gideon ndani ya jeneza ilikuwa ya kitambaa hichohicho, na kama kuna mwingine aliyeliona hilo, hakusema. Ezra akasoma wasifu. Akawataja wazazi, ndugu, wajomba, shangazi, wapwa, akaitaja kampuni ya mabasi, akawataja madaktari. Mwisho kabisa akasema, "Familia inamshukuru pia mwenye nyumba wake, Bwana Bosco, kwa kumpangisha chumba kwa muda mrefu." Watu wakageuka kumtazama. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata kwa nia njema kabisa. Bosco akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainama kidogo kulia, kidogo kushoto, akakaa. Mkono wake ulikuwa wa baridi nilipougusa.

Baadaye nilikuwa jikoni nafuta sahani na akina mama. "Huyo Mkongo ana roho safi," mmoja akasema. "Landlord wangu mimi hata jina langu hajui, atakuja kwa matanga yangu kufanya nini?" Mama Stella, mwenyekiti wa akina mama, Mkenya mwenye sauti inayofika barabarani, akajibu, "Na amelia, nimeona. Wapangaji wazuri wameisha kweli." Wakacheka kwa huzuni. Niliumia sana, na nilikasirika, na nikaendelea kufuta sahani ileile iliyokwisha kukauka.

Nilidhani Bosco angeanguka. Hakuanguka. Wiki chache baadaye alituita tule, mimi na Muthoni. Wakati huo Muthoni alikuwa tu jirani yangu wa chumba cha pili cha besmenti, msichana wa Nakuru aliyefanya kazi kwenye ghala siku za wiki na kupiga video za harusi wikendi. Harusi zetu zote za wakati ule zilipita kwenye kamera yake, na wote tulizijua kanda zake: bwana harusi akitabasamu, mioyo myekundu inaruka kutoka kila kona, halafu mvua ya maua ya waridi. Bosco alitupikia bukari, ule ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, akatungoja tunawe, akasema, "Muthoni, leta ile kamera yako ya harusi. Tutafanya filamu."

"Filamu ya nini, Papaa?"

"Ya mwenye nyumba. Si banasema miye niko mwenye nyumba? Bon. Nitabaonesha namna nilikuwaka mwenye nyumba. Atakuya kuomba kodi, ule mupangaji atalipa na chai. Atakuya tena, atalipa na wimbo. Mpaka kifo."

Muthoni alianza kucheka, akajizuia akimwogopa aliyefiwa. Bosco akampiga kofi la begani. "Cheka! Miye na Gideon tulichekaka kila siku. Nikifanya filamu ya kulia, batakuya kunipa pole, na batarudi kwabo na mwenye nyumba yabo ileile. Minataka bacheke mpaka bamuone." Akasema lazima filamu iwe tayari siku ya kumbukumbu ya mwaka, pale watu walewale watakapokusanyika tena kumwombea Gideon. Na akatoa sheria moja tu ya kazi. "Mutu yeyote alimujuaka Gideon, akiona uongo, aseme kata, kamera isimame. Lakini ule anasema kata, anaingia ku filamu yeye mwenyewe, anaonesha vile ilikuwa."

Halafu akanigeukia. Mimi nilikuwa mrefu, na nina mwanya. Akaenda chumbani akarudi na sare ya udereva ya Gideon, akaanza kunipima mabega palepale mezani, mkono wangu ukiwa bado na sombe. Sikuwa na ujasiri wa kusema hapana, wala wa kusema ndiyo. Nilisema nitacheza endapo nitavaa masharubu. Nilitaka masharubu mazito, ya kufunika nusu ya uso, ili mtu wa kwaya akiiona hiyo filamu asijue kwamba ni mimi. Gideon hakuwahi kuwa na masharubu siku hata moja. Bosco alinitazama, akasema, "Voilà, masharubu," akayakata siku hiyohiyo kutoka kwenye manyoya ya kola ya koti kuukuu.

Mwaka ule nyumba nzima ikageuka kuwa nyumba ya sinema. Basi la Gideon tulilitengeneza kwa maboksi ya friji tuliyookota nyuma ya duka, usukani ukawa sinia. Abiria walikuwa magauni ya harusi. Muthoni aliyapanga kwenye viti, kila gauni na kofia yake, na mimi nikawa nalikaribisha kila moja kwa adabu kama Gideon alivyokuwa akiwakaribisha abiria wake. Bosco alijifunga mto tumboni, ingawa tumbo alikuwa nalo, akaning'iniza funguo kiunoni kama askari jela, akawa anagonga mlango wa chumba chake mwenyewe na kunguruma, "Kodi!" Ndani mimi nilitakiwa nimpe kikombe cha chai. Tulirudia hilo onyesho hadi birika likatoboka. "Kata!" Bosco angesema. "Gideon hakukuwaka anatoa kikombe vile. Alikitoaka na mikono mbili." Nikitoa kwa mikono miwili: "Kata! Anaangalia chai, haniangaliye miye." Alinirekebisha namna ya kuvua viatu, kulaza kijiko, kufungua barua za kodi ya serikali huku nimefumba jicho moja. Lakini kuhusu masharubu hakuwahi kusema neno.

Nilijifunza historia yetu hivyo, jikoni, katikati ya kurudia na kurudia. Nikisema yetu nina maana ya watu kama sisi. Nilikuwa nimekulia nikiamini hatukuwahi kuwepo, kwamba mimi ni kosa jipya lililozuka kichwani mwangu, na kumbe kulikuwa na mzee wa kunionyesha namna mwanamume mmoja alivyompa mwanamume mwingine chai kila asubuhi kwa miaka mingi. Bosco alitusimulia ya Lubumbashi, ya wanaume wawili waliokuwa na duka la vitambaa na ambao mtaa mzima uliwaita mapacha ingawa mmoja alikuwa mfupi na mwingine twiga. Muthoni aliacha kamera ikiendelea kurekodi hata tulipokuwa tunakula. "Manze, Namsi, hii ndio filamu yenyewe," aliniambia siku moja tukikagua kanda, mabega yetu yamegusana kwenye ule mwanga wa kompyuta. "Hizo zingine ni za kuchekesha watu tu." Sikusogea, naye hakusogea. Mengine ya mabega yale ni yetu wawili.

Tulifika kwenye onyesho la harusi. Bosco alitueleza kwamba Jumapili moja, miaka mingi nyuma, yeye na Gideon walikaa kwenye benchi kando ya ziwa, Greenbelt, wakala pilau kwenye kopo la plastiki, wakaapiana mpaka kufa, na bata bukini akaiba mkate. Ndiyo harusi yote. "Hatukukuwa na mugeni hata moja," alisema. "Mara hii minataka bageni." Basi tukakodi hema dogo, tukapika pilau, tukawaalika wenzetu wachache, watu kama sisi, kutoka Springfield, ambao sitawataja kwa sababu kwao bado hawajasema. Tulitandika meza pale kwenye bustani kando ya ziwa, mimi kwenye suti na masharubu, Bosco kwenye suti ya kitambaa kilekile cha msiba, na ua kwenye kola.

Tulichokisahau, na sijui tulisahauje, ni kwamba Jumamosi ya jua pale Greenbelt nusu ya kanisa huwa inachoma nyama upande wa pili. Na sisi watu wa Afrika Mashariki tukiona hema, sufuria na watu waliovaa vizuri, hatuulizi kama tumealikwa, tunauliza kwa nini hatukuambiwa. Wa kwanza walikuja na viti vyao. Mtu akaleta sinia la nyama choma, mwingine akaanza kugawa soda. Muthoni alikuwa anapiga picha huku anatetemeka kwa kicheko. Ndipo nikaisikia sauti inayofika barabarani.

"Haiya! Hii harusi ni ya nani na hatukuambiwa?" Mama Stella alikuwa anavuka nyasi, binti yake nyuma.

"Mom, it's a movie," Stella akasema. "They're just pretending."

"Pretending aje, na chakula iko?" Akafika, akanitazama usoni, akasogea, akanitazama tena. Upande mmoja wa masharubu ulikuwa umebanduka kwa jasho. "Na huyu si ni Namsifu wa kwaya?"

Bosco akaja akasimama kati yetu, akiwa na ua lake na tumbo lake. "Mama Stella, karibu. Iko harusi ya Gideon."

"Gideon gani?"

"Gideon yetu."

Mama Stella akauliza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na bibi harusi ni nani?"

"Bibi harusi hakuna," Bosco akasema. "Iko mwenye nyumba."

Aliangalia suti ya Bosco kwa muda mrefu. Nadhani ndipo alipokitambua kitambaa, maana yeye ndiye aliyekuwa ameshika kona ya shuka siku walipomvika Gideon. "Kila Krismasi alikuwa anakuja kwangu kuchukua chapati," akasema, kama anajisemea. "Ananiambia, Mama Stella, niwekee za watu wawili. Nikadhani ni mtu wa kula." Akavuta pumzi, akageukia sufuria, akafunua. "Huu mchele nani amepika? Umekuwa uji. Leteni mwiko." Akajifunga leso, akaanza kupakua. Nilipoinua kijiko kwenye meza ya maharusi, kamera ikiwa inaendelea, alipaza sauti, "Wewe! Ngoja kwanza! Gideon hangekula kabla ya maombi."

"Hiyo ni kata, Mama!" Muthoni akasema nyuma ya kamera. "Sheria ya Papaa, ukikata unaingia. Omba wewe." Na Mama Stella, mwiko mkononi, akafumba macho na kumwomba Mungu akibariki chakula kile, na mikono iliyokiandaa, na, baada ya kusita, wenye karamu hiyo wote wawili. Watu waliokuja na viti vyao wakasema amina. Wengi wao hawakujua wameitikia nini.

Walijua wiki iliyofuata. Habari zilifika kanisani kabla yangu. Kiongozi wa kwaya aliniita pembeni, akaniambia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi kwamba ingefaa nipumzike kidogo kuimba. Mama Stella alikuwa amesimama karibu, akaangalia pembeni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Nilikuwa nimejificha nyuma ya manyoya ya kola kwa miezi, na yamenisaidia nini? Nilimkuta Muthoni akikata na kuunga kanda, nikayatupa masharubu kwenye pipa mbele yake. "Turudie kila mahali uso wangu unapoonekana kwa karibu," nikamwambia. "Kila mahali." Bosco alikuwa mlangoni ameshika sindano. "Ah," akasema. "Sasa minamuona Gideon." Yule mtu aliyekuwa akisema kata kwa ajili ya kijiko kilicholala upande alikuwa amevumilia yale masharubu muda wote, akinisubiri. Nilimkumbatia na sindano yake ikanichoma bega. Bustanini hatukuweza kurudia, kwa hiyo kwenye filamu yetu bwana harusi ana masharubu siku ya harusi tu. Watu hudhani ni sanaa.

Siku zilipokaribia, Ezra akapiga simu. Bosco aliweka sauti ya simu juu ili nasi tusikie. Familia, Ezra akasema, imesikia kwamba jina la marehemu linachezewa. Familia itafanya kumbukumbu ya mwaka ukumbini, ibada na chakula, na inaomba hiyo video isionyeshwe mahali popote. "Bwana Bosco, umekuwa mtu mzuri kwetu," akasema. "Usiharibu." Bosco alijibu bila kupandisha sauti. "Ezra, weye ulisoma maneno yako, na miye nilikaa kimya mpaka mwisho, nilisimama, nilisalimia batu. Sasa nitasoma yangu. Siku ileile, ku nyumba yangu, ibada ikiisha. Mulango iko wazi hata kwako." Akakata, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona mapazia mazito ya kutia giza sebuleni mchana. Nilimwuliza itakuwaje wasipokuja. "Basi tutaangalia batatu," akasema. "Na mwaka kesho tutaonesha tena. Na mwaka ule mwingine. Miye sina haraka, niko mwenye nyumba."

Siku yenyewe mimi na Muthoni tulihamisha magauni yote chumbani, tukatundika shuka jeupe la kitanda chao ukutani, tukapanga viti. Ibada ukumbini ilikuwa imekwisha kitambo na viti vilikuwa vitupu. Wenzetu wa Springfield walikuwa wamekaa wakijifanya wanaangalia simu. Bosco aliketi mbele kabisa, suti imefungwa vifungo vyote, hageuki nyuma. Nilimwonea huruma. Halafu mlango ukasukumwa na sufuria. Nyuma ya sufuria alikuwa Mama Stella, na nyuma yake akina mama wengine na masinia. "Saidieni, ni moto!" akapiga kelele. "Nimewaambia watu wa hall chakula ya Gideon iko kwa Gideon. Wanakuja." Alikuwa amehamisha chakula chote cha kumbukumbu. Ukumbini zilikuwa zimebaki programu tu, na msiba wetu hauna nguvu ya kukaa mahali pasipo na chakula. Magari yakaanza kujipanga barabarani, na Ezra, mwenye shughuli, hakuwa na la kufanya ila kuwafuata wageni wake. Akaingia wa mwisho, akasimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Tukafunga mapazia. Basi la maboksi lilipotokea na abiria wake magauni, sebule ilipasuka kwa vicheko. Walimjua. Gideon aliwahi kuwabeba wengi wao. Mwenye nyumba alipogonga na kunguruma "Kodi!", mtu nyuma akajibu, "Mlipe na chai!" kabla hata mimi kwenye shuka sijainuka. Wakacheka mioyo myekundu ya Muthoni ilipoanza kuruka juu ya bata bukini wa ziwani. Kisha ikaja sala ya Mama Stella, na kicheko kikapungua kidogo kidogo, kwa sababu walijiona wenyewe pale, wameketi kwenye viti vyao, wakisema amina. Onyesho la mwisho lilikuwa fupi. Mwenye nyumba anagonga mlango, hakuna anayefungua. Anaingia mwenyewe, anakaa mezani, anapanga vikombe viwili. Mpangaji, yaani mimi, uso wangu mtupu umejaa shuka zima, nakaa, napuliza chai yangu na kunywa. Mwisho.

Hakuna aliyewasha taa. Nilisikia mtu anapenga kamasi. Ndipo sauti ya mzee wa kanisa ikatoka mlangoni, nzito, kama imemponyoka. "Hapana. Hiyo si kweli."

Nikajiambia sasa ndiyo imeharibika. Bosco akageuka polepole. "Nini si kweli, Ezra?"

"Gideon hakuwa anapuliza chai." Ezra alikuwa anaigeuzageuza kofia. "Tangu tukiwa wadogo alikuwa anaimwaga kwa kisahani, anainywa kutoka kwa kisahani. Kwa kelele. Mama yake alimgombeza juu ya hiyo mambo mpaka akachoka."

"Kwangu hakunywaka vile hata siku moja."

"Basi alikuwa anakuonea haya. Alikuwa anajifanya mtu wa mjini."

"Kunionea haya?" Bosco aliuliza, na sauti yake ilianza kutetemeka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Miye? Mwenye nyumba tu?"

Watu wote walikuwa wamemgeukia Ezra, kama walivyomgeukia Bosco mwaka uliopita. Aliangalia lile shuka, likiwa jeupe sasa, halafu akasema chini chini, "Mtu hamwonei haya mwenye nyumba."

"Kata," Bosco akasema. Akainuka, akavuta kiti kwenye meza ya jikoni. "Kuya. Onesha vile ilikuwa." Muthoni alikuwa ameshachukua kamera. Ezra alivua koti, akaketi, Bosco akammiminia. Mzee wa kanisa akamwaga chai kwenye kisahani, akakiinua kwa mikono miwili, akanywa kwa kelele mbele yetu wote, huku machozi yanamtiririka. Bosco alikuwa akimtazama kwa hamu, kama mtu anayepewa kitu cha Gideon ambacho hakuwahi kuwa nacho. Ndiyo picha ya mwisho ya filamu yetu hadi leo.

Hatukupatana wote siku ile. Kuna waliotoka sala ya Mama Stella ilipofika, na kuna ambao hawajanisalimia tena. Kwaya nyingine nilipata. Lakini watu walianza kuja kwa Bosco, mmoja mmoja, wakiwa na mtu wao wa kusimulia, na kila mmoja tulimtengenezea ya kwake, kwa maboksi na masinia, kwa sheria ileile. Kabati zima sebuleni kwetu limejaa filamu hizo.

Nimeusoma wasifu wa Bosco Jumamosi iliyopita, katika ukumbi uleule. Ezra alikuwa amekaa safu ya mbele, mkongojo kati ya magoti. Mama Stella alikuwa jikoni, na sauti yake ilikuwa inafika mimbarini. Nilipitia kuzaliwa, kubatizwa, cherehani. Nikafika nilipokuwa nimepafuta na kupaandika tena siku zote hizo. "Marehemu," nikasoma, "alikuwa mwenye nyumba wa Gideon." Ukumbi mzima ukacheka, wazee kwa vijana, na mtu nyuma akasema, "Mlipe na chai!" Nikawaacha wacheke mpaka waishe. Kisha nikasoma mstari unaofuata, kwamba alikuwa mume wa Gideon mpaka kifo, na nikanyamaza. Nikauangalia ukumbi, safu kwa safu, nikimpa nafasi yake yeyote aliyemjua Bosco na aliyeona uongo hapo.

Hakuna aliyesema kata. Nikageuza karatasi, nikaendelea kusoma.